Kutoka kinyesi cha farasi hadi kansa ya utumbo: miaka zaidi ya mia ya bakteria wenye majina mengi

KINDU, MANIEMA – Mtu akifika hospitali akilalamikia tumbo na damu kwenye choo kikubwa, wengi wetu hapa Kindu tunawaza kwanza amiba, minyoo au kichocho. Si kosa, maradhi hayo tunaishi nayo. Mwingine huja na homa isiyokatika: dawa za malaria amekwisha kumeza, za tifoidi pia, na bado anazidi kukonda. Kuna nyakati ambapo wagonjwa hawa wawili ni mtu yule yule. Utumbo wake mpana una uvimbe, na bakteria wa tumboni wamepenya kwenye damu hadi kwenye valvu za moyo. Bakteria hao kwa miaka mingi waliitwa Streptococcus bovis, na historia yao inaonyesha kwa nini neno moja kwenye karatasi ya labo lina uzito wa uhai.

Historia hiyo ilianzia zizini. Mwaka 1906 Waingereza Frederick Andrewes na Thomas Horder walieleza streptokoki za kwenye kinyesi cha farasi, nazo zikapewa jina la Streptococcus equinus. Mwaka 1919 Sigurd Orla-Jensen wa Denmark, bingwa wa bakteria wa maziwa, alieleza jamaa zao wa ng'ombe na kuwaita bovis. Madaktari hawakuona sababu ya kujishughulisha nao.

Mwaka 1933 Rebecca Lancefield, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alizipanga streptokoki kwa herufi kufuatana na alama za kemikali za seli zao. Mpango wake ulisaidia dunia nzima, na hadi leo tunataja kundi A tunapozungumzia maambukizi ya koo. Lakini baadaye bovis waliwekwa kundi D pamoja na enterokoki, wakazi wengine wa utumbo. Labo nyingi zikawa zinaandika "kundi D" na kuishia hapo. Mwaka 1951, huko Alabama, Marekani, McCoy na Mason walieleza mgonjwa mwenye maambukizi ya moyo pamoja na kansa ya utumbo mpana. Walidhani mhusika ni enterokoki, na taarifa yao ikapita bila kishindo.

Kuwatenganisha bovis na enterokoki hakuhitaji mashine ya bei kali. Fundi wa labo huwapanda bakteria kwenye chakula chenye nyongo na eskulini. Wote wawili hukua, na chakula hugeuka cheusi. Kisha huwapanda kwenye supu yenye chumvi ya asilimia 6.5. Enterokoki hustawi humo na supu huchafuka. Bovis hushindwa na chumvi, na supu hubaki safi. Jibu la chupa hiyo humwongoza daktari, kwa sababu bovis kwa kawaida hutibika kwa penisilini, ilhali enterokoki wakishika moyo huhitaji dawa mbili kwa pamoja.

Mwaka 1977 ndipo mambo yalipobadilika. Robert Klein na wenzake, katika jarida la New England Journal of Medicine, walieleza kwamba walichunguza vinyesi vya wagonjwa 63 wa kansa ya utumbo mpana na kukuta bovis kwa 35. Kati ya watu 105 wasio na kansa hiyo, waliokuwa nao ni 11 tu. Tangu hapo madaktari wakafundishwa kwamba bovis akionekana kwenye damu, utumbo mpana lazima uchunguzwe.

Hata hivyo jina bovis lenyewe lilificha zaidi ya mmoja. Mwaka 1984 enterokoki walitenganishwa na streptokoki wakapewa jenasi yao wenyewe. Mwaka 1989 Kathryn Ruoff na wenzake huko Boston waligawa bovis wa kwenye damu katika aina mbili. Wagonjwa wa aina ya I walikuwa na maambukizi ya moyo kwa asilimia 94, na uvimbe wa utumbo mpana kwa asilimia 71. Kwa aina ya II ilikuwa asilimia 18 na 17. Mwaka 1995 Ro Osawa na wenzake walieleza Streptococcus gallolyticus, ambaye Osawa alikuwa amemchunguza kwenye kinyesi cha koala wa Australia, mnyama anayekula majani makali yenye tanini. Ikaja kubainika kwamba ile aina ya I iliyotisha ndiyo huyu. Mwaka 2003 ukoo ukapangwa upya: gallolyticus wa moyo na kansa, pasteurianus, anayeweza kuleta homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga, macedonicus wa jibini ya Ugiriki, na infantarius.

Huyo wa mwisho anatuhusu zaidi sisi wa Afrika. Wafugaji wa Kenya na Somalia hugandisha maziwa ya ngamia katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, bila kuongeza chachu ya dukani, nayo huitwa suusac. Christoph Jans na wenzake wa Uswisi na Kenya walikuta humo infantarius kwa wingi mkubwa. Walipozisoma jeni zake, waliona amepata uwezo wa kula sukari ya maziwa kwa jeni zinazofanana na za bakteria wa mtindi. Je, familia hizo zinakunywa ugonjwa? Mwaka 2018 Dasel Kaindi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa nchi kadhaa, walionyesha kwamba infantarius wa wagonjwa wa kansa wanatofautiana na ukoo mkuu wa maziwani. Hiyo si ruhusa ya kunywa maziwa mabichi, yenye hatari ya brusela na kifua kikuu. Inatufundisha tusihukumu chakula cha watu kwa jina tu.

Wanasayansi walijiuliza pia kipi hutangulia, bakteria au uvimbe. Watafiti wa Texas mwaka 2017 walionyesha kwa panya kwamba gallolyticus huchochea uvimbe kukua. Wale wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, mwaka 2018, walionyesha kwamba uvimbe wenyewe humwandalia nafasi, kwa kuwa nyongo inayobadilika humsaidia kuua enterokoki wanaoshindana naye. Huenda kila mmoja humlisha mwenziwe. Kwa mgonjwa, ushauri haubadiliki: bakteria huyo ni onyo, na onyo likija mapema kansa inaweza kukatwa kabla haijasambaa.

Maniema si nchi ya ngamia, wala ng'ombe wengi hatuna. Maziwa ya mgando tunayasikia zaidi kutoka Kivu. Lakini kila mwanadamu ana utumbo, na watoto wengi wa Afrika huharibikiwa valvu za moyo kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Valvu zilizoharibika ndizo bakteria wa damu hupenda kuzishika.

Kwa hiyo madai yangu ni ya kawaida kabisa. Homa ya majuma kadhaa ipimwe kwa kuotesha damu kabla antibiotiki hazijaanza. Labo isiishie kwenye "kundi D". Iandike spishi, na ikishindwa, bakteria wapelekwe INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa au Goma. Jibu likisema gallolyticus, mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani na penisilini peke yake. Apangiwe kipimo cha moyo na cha utumbo mpana, hata ikibidi kusafiri, na familia ielezwe sababu ya safari hiyo. Na anayeona damu kwenye choo chake, akimaliza dawa ya amiba na damu ikaendelea, asinunue dozi nyingine sokoni. Arudi hospitali akaombe utumbo uangaliwe.