Magoli ya Madumu

Kwenye kiwanja kimoja pembeni mwa mji wa Kasulu, goli la upande wa juu ni madumu mawili ya njano ya lita 20. Saa kumi na moja jioni, wasichana tisa au kumi wanakimbiza mpira wa makaratasi juu ya udongo mwekundu, kanga zimefungwa juu ya bukta. Wengine wako pekupeku. Mmoja ana kiatu cha mguu wa kulia tu, kwa kuwa ndio anaopigia. Mechi haina refa wala dakika tisini. Inakwisha pale mwenye dumu anapoitwa nyumbani, maana akilibeba kwenda chemchemi ya bondeni, mlingoti umeondoka.

Niliutazama mchezo huo nikiwa barazani kwa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta maharage.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamuuliza anaonaje wasichana kucheza mpira. Nilikuwa tayari kusikia habari za mila na heshima. Hakunipa hata moja.

"Wanaujua," alisema, ungo ukiwa hewani. "Sasa maji watateka saa ngapi?"

Swali hilo limeniharibia filamu kadhaa nilizokuwa nazipenda.

Chukua *Gracie*, ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Davis Guggenheim. Ni filamu ya kutazama na watoto, yenye machozi mahali pake. Tuko New Jersey, mwaka 1978. Gracie Bowen anafiwa na kaka yake Johnny, nyota wa timu ya shule, katika ajali ya gari. Anataka kuichukua nafasi yake uwanjani, kati ya wavulana. Baba anakataa, kisha anabadilika mpaka anaacha kazi ili amfundishe binti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inaitwa kutoa ushahidi mbele ya bodi ya shule. Mwishoni binti anafunga. Hadithi imechotwa kwenye ukoo wa mwigizaji Elisabeth Shue, mke wa mwongozaji, ambaye humo ndani anacheza kama mama.

Mara ya kwanza nilipoitazama, pale baba anapoacha kazi nililia. Siku hizi najiuliza kaya ya mlimani hapa ingekula nini. Baba wa Kasulu akiacha jembe msimu wa maharage ili amfundishe binti kupiga kona, wote wawili watafundishwa na njaa. Na nani anaosha vyombo kwa akina Gracie? Filamu haina haja ya kusema. Maji yako bombani.

*Bend It Like Beckham* ya mwaka 2002 inatukaribia zaidi, kuliko wengi wanavyojua. Mwongozaji wake, Gurinder Chadha, alizaliwa Nairobi mwaka 1960. Baba wa Jess, msichana mchezaji wa filamu hiyo, ni Kalasinga wa London, naye katoka Nairobi, alikokuwa akirusha mpira wa kriketi kwa kasi ya kuogopwa. Alipofika Uingereza vilabu vikamkataa kwa sababu ya kilemba chake, naye akaapa kutokanyaga tena uwanjani. Kwa hiyo anapomzuia binti yake asicheze kandanda, anasema kama baba mkali lakini anahofu kama mtu aliyeumia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nimewahi kuwasikia wazazi wa huku wakisema "mpira hauna maisha" kwa sauti ileile, na nadhani baadhi yao waliwahi kuzifukuzia hizo ndoto wenyewe.

Humo kazi za nyumbani zinaonekana. Mama anataka Jess ajue kupika chakula kizima cha Kipunjabi, na chapati ziwe duara. Lakini mapishi yanaletwa kama kichekesho, alama ya utamaduni wa kukwepwa, na hakuna anayelala njaa Jess asipopika. Siku ya fainali inaangukia siku ya harusi ya dada yake. Baba anamruhusu kwenda, anacheza, kisha wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanamzungushia sari aiwahi sherehe. Tukio hilo la sari nalipenda kuliko goli lake la adhabu.

Kubadili nguo huko kunanivusha mpaka Unguja. Mwaka 2007, mwaka uleule wa *Gracie*, Florence Ayisi, mzaliwa wa Kamerun, alitoa *Zanzibar Soccer Queens*, filamu ya kumbukumbu kuhusu timu ya Women Fighters na mwalimu wao Nassra Juma Mohammed. Wanawake hawa wanavua buibui, wanaingia uwanjani na jezi, mechi ikiisha wanarudia mavazi yao na kurudi mitaani kwao, ambako kuna mume, baba, jirani na adhana. Hawamkimbii yeyote. Filamu inawapa nafasi ya kuongea, wakiwa wamekaa, kuhusu dini yao na mpira wao, na kwangu mazungumzo hayo yana uzito kuliko mechi zenyewe. Mtazamaji aliyezoea Hollywood atasubiri goli la dakika ya mwisho litakalomtoa baba machozi, na atangoja sana.

*Queen of Katwe* ya Mira Nair, ya mwaka 2016, inahusu chesi wala si mpira, lakini ndiyo pekee kati ya hizi inayolijua swali la bibi. Phiona Mutesi wa Kampala anauza mahindi barabarani. Mama yake, anayechezwa na Lupita Nyong'o, anaujua uzito wa muda. Saa moja ya ubaoni kwake ni saa moja isiyo na mahindi mkononi. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kweli. Katika *Gracie* familia ni baraza la kushawishiwa, likisema ndiyo, kazi imekwisha. Huku familia ni timu yenyewe, na binti ndiye kiungo mkabaji: hafungi wala hashangiliwi, lakini akitoka safu nzima inapwaya. Ruhusa peke yake haimsaidii. Mtu lazima aingie kwenye namba yake.

Ndiyo maana sina subira na wanaotupia lawama zote kwenye mila. Kasulu hii ndiyo nchi ya Heru, iliyotawaliwa na Mwami Theresa Ntare enzi za mwisho za Mwingereza. Waha waliompigia magoti mwanamke hawawezi kushtushwa na msichana mwenye namba kumi mgongoni. Hoja ya kwamba mwanamke hauwezi mpira nayo imeng'oka meno tangu Serengeti Girls, timu ya wasichana ya Tanzania, wawafunge Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India, mwaka 2022. Kilichobaki ni saa kumi na moja jioni.

Na saa hiyo wasichana wanaiiba wanavyojua. Kwenye chemchemi, foleni ikiwa ndefu, dumu hupanga mstari kwa niaba ya mwenyewe, naye akapata nafasi ya kupiga danadana pembeni, jicho moja kwenye mpira na jingine kwenye dumu lake lisije likarukwa.

Jioni ile pale kiwanjani kuna kijana alifika akikokota baiskeli, kaka wa mmoja wao bila shaka, maana hakuomba ruhusa. Mvulana akibeba dumu kichwani huku atachekwa hadi akome; akilifunga kwenye keria, ni mwanaume kazini. Aling'oa goli zima, madumu yote mawili, akayabana kwa mpira wa tairi na kushuka nayo bondeni huku akipiga kengele. Wasichana walimtazama kidogo. Aliyevaa kiatu kimoja akaokota mawe mawili, akahesabu hatua, akayaweka. Haikupita muda wakaanza kubishana kama shuti lililopita juu ya jiwe lilikuwa ndani au nje, na bibi, ungo ukiwa mapajani sasa, akapaza sauti kwamba lilikuwa ndani.