Mkebe wa Saa Tatu Asubuhi

Walowezi walipoondoka Naitiri na Ndalu, magharibi mwa Kenya, waliacha nyumba, mikaratusi na nyaya za mipaka. Katika nyanda hizi baadhi yao walikuwa pia na kipimamvua: mkebe wa chuma uwanjani, unaosomwa kila siku saa tatu asubuhi na takwimu zake kupelekwa serikalini. Mpango wa makazi wa ekari milioni ulipoanza mwaka 1962, wazazi wetu waligawiwa mashamba. Mkebe haukugawiwa mtu.

Baba hakuuhitaji. Alitazama wingu juu ya Masaba, ambao ramani inauita Mlima Elgon, akatazama maua mekundu ya murembe, akanoa jembe. Kisha kituo cha utafiti cha Kitale kikatuletea H611 mwaka 1964, miongoni mwa mahindi chotara ya kwanza nchini, yanayokaa shambani miezi sita na zaidi. Mbegu hiyo ilitaka mvua ya kwanza. Ukichelewa, unahesabu magunia pungufu. Hivyo ndivyo kupanda mwezi wa tatu kulivyogeuka kuwa sheria. Klabu ya kilimo ya 4K shuleni ilitufundisha kupima nafasi za mashimo kwa kamba yenye mafundo. Kuhusu mvua yenyewe hatukuambiwa kitu. Ingekuja tu.

Baadaye nikawa mwalimu wa jiografia, na swali bora nililowahi kuulizwa lilitoka kwa msichana wa kidato cha pili: "Mwalimu, mafuriko ya 1961 yalikuwa makubwa na magari yalikuwa machache. Mbona siku hizi kila mafuriko ni tabianchi?"

Wenzake walicheka. Mimi nilifuta ubao mzima. Mvua zile, ambazo wazee huziita mafuriko ya Uhuru, zilichangia kulipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Chanzo kilikuwa Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yalipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mawingu yakaelekea huku. Hali hiyo ilijirudia 1997, ikaja tena 2019, mwaka ambao maporomoko ya ardhi ya Novemba yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Bahari ina mizunguko yake ya tangu jadi. Kilichobadilika ni hewa inayobeba maji: kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, huweza kushika mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Nikamchorea Mto Nzoia kutoka Cherangani na Elgon hadi Budalang'i, aone mzigo huo hutuliwa mlangoni kwa nani.

Ukame nao una hesabu yake. Kuhusu ule ulioanza 2020 katika Pembe ya Afrika, wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba kupanda kwa joto duniani kuliongeza uwezekano wake angalau mara 100, hasa kwa kuwa joto hukausha udongo.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka haya yaingizwe katika mitaala, na klabu za 4K zilizinduliwa upya 2021. Lakini mfano wa dubu wa nchi za barafu haumsaidii mtoto wa Naitiri. Mwalimu mwenzangu, tengeneza kipimamvua: kata chupa ya plastiki, geuza mdomo wake uwe faneli, bandika rula ubavuni. Mimina maji yafunike mabonde ya kitako; hapo ndipo sifuri. Isimike mbali na paa na miti, umpe mwanafunzi zamu ya saa tatu asubuhi, na daftari lisitupwe muhula ukiisha. Anzeni kabla ya kupanda.