Kutoka Ngwe Hadi Jiomatiki: Lugha Katika Historia ya Upimaji Ardhi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi taaluma ya upimaji ardhi ilivyokua nchini Tanzania, na jinsi lugha ya Kiswahili ilivyoifuata, mara ikienda nayo sambamba, mara ikiachwa nyuma. Si nia yetu kuwafundisha wapima ardhi kazi yao. Nia yetu ni kuwaonyesha wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali kwamba istilahi za taaluma hii zilizopata maisha ni zile zilizopitia uwandani, mikononi mwa watenda kazi, kabla ya kufika mezani kwa wasanifishaji. Zile zilizobaki darasani zimebaki ngeni hadi leo, na gharama ya ugeni huo hulipwa na mwenye shamba.

Vipimo vya mwili na maneno ya bahari

Kabla ya kuja kwa vyombo vya kisasa, Waswahili walikuwa na mfumo wao wa vipimo vya urefu, nao ulitokana na mwili wa binadamu. Shibiri ilikuwa upana wa kiganja kilichotanuliwa, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili zilifanya dhiraa moja, yaani mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili zilifanya wari, na dhiraa nne zikafanya pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima hiyo ndiyo iliyotumiwa na mabaharia kupimia kina cha maji, nayo ni ndugu wa kitenzi chetu cha Kibantu, kupima.

Yafaa kuangalia jinsi msamiati wa pwani ulivyojaa maneno ya kutafuta mahali. Dira humwonyesha nahodha upande wa kwendea. Majira, katika maana yake ya ubaharia, ni njia inayofuatwa na chombo baharini. Mafundi wa nyumba nao walikuwa na timazi ya kuhakikisha wima wa ukuta na pimamaji ya kuhakikisha usawa wake. Kwa hiyo si kweli kwamba lugha hii ilikuwa tupu taaluma ya upimaji ilipoingia. Ilikuwa na akiba, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa imewekwa na watu wa chombo na watu wa ujenzi.

Kwa upande wa mashamba, neno lililo muhimu kuliko yote ni ngwe. Ugwe ni kamba nyembamba. Ngwe ni wingi wake, na papo hapo ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu ili akilime. Hapa chombo cha kupimia kimekipa jina kitu kilichopimwa. Jambo lile lile lilitokea Uingereza, ambako Edmund Gunter alibuni mnyororo wa kupimia ardhi mwaka 1620. Mnyororo huo ulikuwa na urefu wa futi 66, yaani pima 11 kamili, na miraba 10 ya mnyororo ilifanya ekari moja. Aliyeuleta mnyororo huo Afrika Mashariki hakukuta watu wasiojua kupima. Alikuta watu wenye kamba.

Mnyororo, mawe na wabeba vyombo

Utawala wa Kijerumani ulitoa amri ya ardhi mwaka 1895, ambayo iliifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Tangu hapo kupima ardhi hakukuwa tena shughuli ya mkulima na jirani yake tu. Kulikuwa ndiyo njia ya dola kutenga chake na cha wengine. Utawala wa Kiingereza ulipofuata ulitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, na mashamba ya walowezi, mitaa ya miji na njia za reli vikaendelea kupimwa na kuwekewa mawe.

Kazi nyingine ilikuwa kubwa zaidi na haikuhusu shamba la mtu yeyote. Tangu mwaka 1879 mnajimu David Gill, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, alikuwa na wazo la kupima mfululizo wa pembetatu kufuata longitudo ya nyuzi 30 Mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Sehemu iliyopita magharibi mwa Tanganyika ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya uongozi wa Martin Hotine, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ndio uliobeba ramani zetu kwa miongo mingi.

Katika shughuli hizo zote daftari la uwandani liliandikwa kwa lugha ya mtawala. Lakini waliofyeka vichaka, waliobeba vyombo vilimani, waliovuta mnyororo na kupanda mawe walikuwa Waafrika, nao walisemezana kwa Kiswahili. Midomoni mwao ndimo yalimozaliwa maneno kama saveya, bikoni, tepu na ploti. Hayakupitishwa na kamati yoyote, wala hayakuandikwa katika orodha yoyote. Yalishika kwa sababu mtu alipotamka "bikoni" mwenzake alijua hasa kinachosemwa: si jiwe lolote, bali lile lenye namba, lililowekwa na saveya, ambalo kuling'oa ni kosa mbele ya sheria.

Chuo na lugha yake

Mafunzo rasmi yalianza mwaka 1956, ilipofunguliwa shule ya mafundi wapima ardhi katika eneo la Mgulani, Dar es Salaam. Mwaka 1958 shule hiyo ilihamishiwa kwenye kilima kilicho jirani na mahali ambapo baadaye palijengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1972 ziliongezwa kozi za mipango ya miji na vijiji na za usimamizi na uthamini wa ardhi, na katika miaka hiyo ya 1970 mahali hapo pakajulikana kama Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 chuo kilifanywa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi kinachojitegemea.

Historia hii ni ya kujivunia. Nchi ambayo wapima ardhi wake wa ngazi ya juu walikuwa wageni iliweza kusomesha wa kwake mpaka shahada. Hata hivyo, kwa upande wa lugha historia hiyo ina ufa. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mafundisho ya shule za msingi nayo yakawa kwa Kiswahili, na vitabu vya hisabati vikatafuta maneno yao. Ndipo mtoto alipoanza kujifunza pembetatu, mzingo, eneo, kipimio cha ramani na majira nukta. Hilo la mwisho ni zao zuri la usanifishaji: neno la nahodha la njia ya chombo likapewa kazi ya kutaja mahali pa nukta katika grafu.

Lakini mtoto huyo huyo akifika sekondari huyaacha maneno hayo mlangoni. Akifika chuo kikuu, husoma jiodesia, fotogrametria na ukokotoaji wa makosa ya vipimo kwa Kiingereza, na hufanya mitihani kwa Kiingereza. Kisha hupelekwa wilayani, akasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kutakiwa aeleze alichokifanya. Hapo hutafuta maneno, naye asipoyapata hulikimbilia neno moja linalobeba kila kitu: "Tumepima."

Mzigo wa neno moja

Hebu tuangalie mzigo huo. Tunasema kiwanja "kimepimwa" tukiwa na maana kwamba mtu alipita na tepu. Tunasema "kimepimwa" tukiwa na maana kwamba mchoro wa mipango miji umekionyesha. Tunasema tena "kimepimwa" tukiwa na maana kwamba bikoni zimepandwa, hesabu zimekokotolewa, na ramani ya upimaji imeidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kisheria ni hatua hii ya mwisho tu inayokamilisha kazi. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba kiwanja "kimepimwa" huweza kutoa fedha zake zote kwa sababu ya hatua ya kwanza, naye muuzaji asiwe amesema uongo kwa mujibu wa lugha ya mtaani.

Mfano wa pili ni ekari. Katika vijiji vingi ekari huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa hatua 70. Hesabu hiyo si ya ovyo. Ikiwa hatua ni wari moja, mraba huo una wari za mraba 4,900, na ekari halisi ina 4,840; tofauti ni ndogo. Lakini tangu tulipozoea mita, wapo wanaoifanya hatua kuwa mita moja. Mraba wa mita 70 kwa 70 una mita za mraba 4,900, wakati ekari ina mita za mraba 4,047 tu. Jina halikubadilika, ila shamba limeongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Anayekodi kwa kipimo kimoja na kukodisha kwa kingine hupata faida ambayo haionekani katika mkataba.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, nao unahusu majira nukta. Namba za majira nukta hazina maana mpaka ijulikane zimehesabiwa kutoka msingi upi. Namba zilezile zikisomwa katika ramani ya Arc 1960, kisha zikatafutwa ardhini kwa kipokezi cha setilaiti kinachotumia msingi wa dunia nzima, huangukia mahali palipo umbali wa kiasi cha mita 300. Mita 300 zatosha kulivusha shamba upande wa pili wa mto. Tanzania imejiwekea msingi mpya, TAREF11, unaolingana na mfumo wa setilaiti, lakini nyaraka za zamani bado zimo katika makabati. Mfasiri atakayetumia neno "msingi" kwa maana hii, kisha akalitumia tena kwa mstari wa kwanza wa pembetatu, na mara ya tatu kwa alama za udhibiti zilizopandwa ardhini, atakuwa amezichanganya dhana tatu ambazo mpima ardhi hutumia miaka kadhaa kujifunza kuzitenga.

Kutoka upimaji hadi jiomatiki

Neno jiomatiki ni changa. Lilibuniwa kwa Kifaransa na Bernard Dubuisson mwishoni mwa miaka ya 1960, likashika nguvu Quebec, nchini Kanada, ambako Chuo Kikuu cha Laval kilianzisha masomo kwa jina hilo mwaka 1986. Jina lilibadilishwa kwa sababu kazi ilikuwa imebadilika. Mpima ardhi hakuwa tena mtu wa teodolaiti na mnyororo peke yake. Alikuwa pia mtu wa picha za anga, setilaiti na kompyuta, mwenye kukusanya, kukokotoa, kuhifadhi na kuonyesha taarifa za mahali. Siku hizi shahada ya jiomatiki hutolewa pia katika Chuo Kikuu Ardhi.

Maoni yetu ni kwamba jina la taaluma lipokewe kama lilivyo, kwa kuwa hata kwa waliolibuni lilikuwa jipya. Lakini si halali kupokea jina la mlango kisha tukapokea na kila chombo kilichomo nyumbani, hali vingi tunavyo. Kuanzia mwaka 2014, katika baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Iringa, vijana wa kijiji walifundishwa kutumia simu kuandika mipaka ya mashamba ili wenyewe wapate hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hiyo ni jiomatiki, nayo hufanyika huku majirani wamesimama mpakani wakishuhudia. Uchagani mpaka huo huwa ni mstari wa masale. Kwingineko huwa ni minyaa, au korongo. Shahidi huyu hawezi kuridhia asichokielewa.

Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mpima ardhi anayeitwa kutoa ushahidi hana tena nafasi ya kujificha nyuma ya istilahi za darasani. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Kitenzi kupima kibaki na kazi ya uwandani tu. Hatua nyingine zitajwe kwa majina yake: kupanga, kukokotoa, kuidhinisha ramani, kusajili.

(b) Bikoni litambuliwe kuwa istilahi kamili kwa jiwe lenye namba lililowekwa kisheria, na alama ya mpaka litumike kwa jiwe, mti au ua wowote unaokubaliwa na majirani.

(c) Majira nukta liendelee kutumika kutoka shule ya msingi hadi chuo kikuu, na kila mara litajwe pamoja na msingi wa majira uliotumika. Mstari wa kwanza wa pembetatu uitwe mstari-chanzo, na alama zilizopandwa ziitwe alama za udhibiti.

(d) Ukubwa wa shamba uandikwe kwa mita za mraba au hekta kwanza, ekari ifuate.

Mapendekezo haya yataweza kurekebishwa na wenye taaluma, nasi tutashukuru. Jambo tusilotaka kuliona ni orodha nzuri ya istilahi iliyofungiwa kabatini wakati mwenye shamba anatia sahihi karatasi asiyoielewa. Ngwe ilidumu kwa sababu aliyeishika kamba na aliyepewa shamba walilitamka neno moja kwa maana moja. Istilahi za jiomatiki nazo hazina budi kupimwa kwa kipimo hicho hicho.