Mlungulungu na Dawa za Mitishamba Zilivyofika Igogo

Gome la mlungulungu halihitaji utambulisho. Limejaa vinundu vigumu vyenye miiba kileleni, na ukitafuna kipande kidogo tu, uchungu wake unakaa mdomoni muda mrefu. Watu wa pwani wanauita mti huo mjafari. Wauzaji wa mitishamba wa Mwanza hulipanga gome lake juu ya turubai pamoja na mafungu ya mizizi, majani makavu ya mwarobaini na chupa za maji zilizojazwa dawa ya kahawia. Mteja akitaja homa au kikohozi, mara nyingi mkono wa muuzaji huanzia kwenye gome hilo.

Kata ya Igogo, jijini Mwanza, imebanana kati ya majabali ya mlimani na Ziwa Victoria. Nyumba zimepanda juu ya mawe ambako kupitisha bomba au kuchimba choo ni kazi ngumu. Malaria, homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara wakazi wanayajua kwa majina na kwa majira yake. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko juu ya kilima cha jirani na inaonekana vizuri. Hata hivyo, kabla ya kuipandia, wengi hupitia kwanza kwa mtu wa mizizi. Walifanya hivyo wazazi wao kule Magu, Misungwi na Kwimba, na walipohamia mjini walikuja na ujuzi huo. Msitu hawakuweza kuuhamisha.

Huko vijijini elimu ya miti ilikuwa na heshima kubwa, na ushindani pia. Vyama viwili vya ngoma vinavyogawa Usukuma hadi leo, Bagika na Bagalu, vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Wakawaachia watazamaji waamue kwa ngoma. Bayeye, wacheza na nyoka, wao huchanjwa: ngozi inakatwa kidogo, dawa inasuguliwa kwenye chale, ndipo mtu anaruhusiwa kumshika nyoka. Makumbusho ya Bujora, nje ya mji, yanahifadhi kumbukumbu za vyama hivi.

Chale za Bayeye zinanifanya niyasome kwa makini maneno “inaongeza kinga” yaliyobandikwa kwenye chupa za leo. Wazo la kuukinga mwili kabla ya ubaya kufika ni la zamani sana huku. Lakini kwa mganga wa zamani, ubaya huo ulijumuisha husuda ya jirani, nyoka na bahati mbaya ya safari. Anayenunua chupa hiyo akidhani anapata kitu kile kile ambacho daktari anakiita kinga ya mwili, anauziwa mambo mawili kwa jina moja.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikwishamaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, ambaye alikosa mtoto mpaka alipopata mganga. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Yeyote anayetaka kujua mganga wa ziwani alivyomhoji mgonjwa, alivyochimba dawa na masharti aliyoyatoa, aanzie kwenye kitabu hicho.

Serikali ya kikoloni mara nyingi haikuona tofauti kati ya mchimba dawa na mpiga ramli. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwatisha wote, na wengi wakafanya kazi usiku. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka upande ambao hakuna aliyeuhusisha na dawa. Tangu miaka ya 1920, chini ya Charles Swynnerton, maelfu ya wanakijiji wa Shinyanga walikusanywa kufyeka pori ili mbung'o wakose makazi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ukaendeleza ufyekaji, na pamba ikachukua ardhi iliyobaki. Ng'ombe walipona nagana, lakini mganga aliyekuwa akichimba mzizi nyuma ya boma alilazimika kutembea kutwa nzima kuupata.

Baada ya uhuru, lawama na sifa ziliendelea kutupwa kwenye kapu moja. Mwaka 1974 Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala iliyozaa Baraza la kuwasajili waganga. Kisha mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoiumiza Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingine yoyote, yakaisukuma serikali kufuta leseni za waganga wote mwaka 2009, na kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka 2015. Damu ile ilidai hatua kali. Lakini mama anayeuza kivumbasi cha mafua alihukumiwa pamoja na wauaji.

Miaka sita tu baada ya marufuku hiyo ya pili, upepo uligeuka. Februari 2021, wakati wa janga la korona, Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya waandishi wa habari Dodoma na kuonyesha namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, limau na pilipili. Watu walijifunika mashuka juu ya sufuria za majani yanayochemka. Mvuke hulegeza pua na kifua, na nani hapendi nafuu hiyo? Virusi vya korona hauviui. Tulikuwa tumekwishapewa somo mwaka 2011, pale maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na baadhi ya wenye VVU wakaacha dawa zao za kufubaza virusi.

Mlungulungu haumo katika kundi la miujiza. Wanakemia wamekuta ndani yake alkaloidi zinazozuia bakteria maabarani, ingawa kuua bakteria kwenye sahani ya kioo si sawa na kumponya mtoto mwenye homa. Mwarobaini nao una nguvu kweli, na ndiyo maana mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Mwaka 2007 mfamasia Sheila Maregesi wa Muhimbili na wenzake walichapisha orodha ya mimea ambayo wakazi wa Bunda, wilaya ya pwani ya ziwa hili hili, hutumia kutibu magonjwa ya kuambukiza. Baadaye wakaipima baadhi dhidi ya bakteria, fangasi na virusi. Ni kazi ya thamani, na imeandikwa kwa Kiingereza katika jarida la kimataifa. Wazee walioitoa elimu hiyo hawawezi kuisoma, wala muuzaji wa Igogo ambaye angeweza kujifunza lipi lilifaulu na lipi lilishindwa. Itafsiriwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye zahanati za kata.

Na miti? Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliwarudishia wafugaji moyo wa kutenga ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu, na laki kadhaa za hekta zikaota upya, dawa zikiwemo. Anayebandua gome kuzunguka shina lote anauua mti. Wachimbaji wazoefu huchukua upande mmoja tu, kisha huuacha mti upone.