Nani alimfundisha fundi wa kope?

Septemba 2018, Dodoma. Job Ndugai, aliyekuwa Spika wakati huo, alipiga marufuku wabunge wenye kope za kubandika na kucha bandia kuingia ukumbini. Agizo lilitoka baada ya Naibu Waziri wa Afya wa wakati ule, Dk. Faustine Ndugulile, kulieleza Bunge madhara ya kiafya ya vitu hivyo. Wadau, mnakumbuka kelele zake. Kuna walioshangilia na kuna waliosema Bunge limekosa kazi. Vijiweni utani ulikuwa mmoja tu: je, askari wa getini sasa atavuta kope za waheshimiwa moja moja ili ahakikishe?

Mimi lililonikaa kichwani ni jambo dogo zaidi. Katika mabishano yote niliyoyasikia, anayezungumzwa alikuwa mvaaji. Fundi aliyezibandika sikumsikia akitajwa, wala aliyemfundisha. Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia historia ya kazi hii kila nikipata nafasi, na leo nimeamua kuimwaga hapa.

Sitaanzia Misri ya kale. Kila anayeandika habari za urembo huanza na Farao na wanja, lakini wanja ni rangi. Ninachotafuta mimi ni unywele unaowekwa kwenye kope za mtu, na mtu anayelipwa kuuweka.

Mwaka 1899 gazeti la Dundee Courier la huko Scotland lilichapisha habari ya kutisha: kwamba wapo wanaoshonewa kope. Ndiyo, kushonewa, kwa sindano. Mteja anapakwa dawa ya kokeini kwenye kingo za jicho ili ganzi ishike, kisha unywele wa kichwani mwake mwenyewe unatungwa kwenye sindano na kupitishwa kwenye ngozi ya jicho. Nafanya kazi gazetini na najua habari za aina hiyo zinavyouza nakala, kwa hiyo naipokea kwa tahadhari. Lakini hata ikiwa imetiwa chumvi, inatueleza kwamba hamu ilikuwepo kabla ya ufundi.

Ufundi uliletwa na watu wa nywele. Karl Nessler, kinyozi Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi London, alipata hataza ya Uingereza mwaka 1902 ya namna ya kutengeneza nyusi na kope za bandia. Dunia inamkumbuka zaidi kwa mashine yake ya kutia nywele mawimbi, aliyoionyesha London mwaka 1906 baada ya kuwa ameijaribu kwenye kichwa cha mkewe Katharina na kumuunguza nywele. (Historia ya urembo ina wake za watu wengi sana walioungua.) Mwaka 1911 mwanamke wa Kanada, Anna Taylor, akapata hataza ya Marekani ya kope zilizopandwa kwenye kitambaa kilichokatwa kama mwezi mwandamo. Hizo ndizo mama wa zile za mkanda mzima ambazo mtu anajibandikia mwenyewe kwenye kioo akienda harusini.

Halafu ikaja sinema. Mwaka 1916 D. W. Griffith alikuwa akitengeneza filamu ya Intolerance, na alitaka mwigizaji Seena Owen, aliyecheza binti mfalme wa Babeli, awe na kope zinazogusa mashavu. Akamwagiza mtengeneza wigi. Huyo akafuma nywele za binadamu kwenye wavu mwembamba na kuzigandisha kwenye macho ya Seena kwa gundi ya kubandikia ndevu za waigizaji. Lillian Gish, mwigizaji mwingine wa Griffith, alisimulia baadaye kwamba asubuhi moja Seena alifika kazini macho yamevimba karibu kufumba. Bahati ya Griffith, sehemu muhimu alikuwa keshazipiga picha. Katika simulizi hiyo mwongozaji ana jina, mwigizaji ana jina. Yule wa gundi anabaki "mtengeneza wigi" tu.

Kisa kikubwa zaidi, na ambacho nadhani kila fundi wa kope alipaswa kusimuliwa siku ya kwanza ya mafunzo, ni cha mwaka 1933. Marekani kulikuwa na rangi ya kutia kope weusi, ikiitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya jamii inayotumika kwenye rangi nyeusi za nywele, zikiwemo zile tunazoziita piko ambazo maharusi wa Pwani huchorwa mikononi. Mikononi watu wengi hawadhuriki, ingawa wapo wanaobabuka vibaya. Kwenye jicho mambo yalikuwa mengine. Wanawake kadhaa walipofuka na mmoja alifariki. Mama mmoja ambaye picha zake za kabla na baada zilikuja kujulikana nchi nzima alikuwa ametiwa rangi hiyo saluni, na mtu wa saluni, kwa malipo. Hakujipaka kiholela nyumbani.

Serikali ilifanya nini? Haikuweza kufanya kitu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ilihusu chakula na dawa, vipodozi havikuwemo. Maofisa wa FDA waliweza kuwaonya wananchi, basi. Wakatengeneza maonyesho ya picha na chupa za bidhaa hatari, waandishi wa habari wakayabatiza jina la chumba cha mambo ya kutisha, na picha za yule mama zikawekwa hapo. Sheria mpya ilisainiwa Juni 1938, miaka mitano baadaye, na Lash Lure ikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza kukamatwa. Hesabu hiyo ya miaka mitano nimeirudia mara nyingi, maana chupa ilibaki madukani muda wote huo.

Sasa tuje kwenye gundi, kwa sababu bila gundi hakuna kazi ya leo. Mwaka 1942 mkemia Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki za vita. Akakutana na kemikali iliyonata kwenye kila kitu ilichogusa, akaitupa kama kero. Mwaka 1951, katika utafiti mwingine, mwenzake Fred Joyner alipaka kemikali hiyo kati ya vioo viwili vya kifaa cha maabara na vioo havikuachana tena. Safari hii Coover akaona alichonacho. Iliingia sokoni mwaka 1958, na ndiyo supagluu unayoijua. Kwenye vita vya Vietnam ilipulizwa kwenye majeraha ya askari kuzuia damu mpaka wafike hospitali. Gundi ya kope za leo ni ya ukoo huo huo. Inakauka kwa unyevu wa hewani, kwa hiyo fundi wa Dar es Salaam yenye joto na unyevu ana sekunde chache kuliko mwenzake wa nchi kavu. Jicho nalo limejaa unyevu. Jumlisha mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa Korea Kusini na Japani ndio walioifanya gundi hiyo kuwa kazi kamili: badala ya mkanda mzima, nyuzi za plastiki laini zinabandikwa moja moja, kila uzi kwenye ukope mmoja wa mteja. Ndani ya muda mfupi ikavuka hadi Marekani, kisha kila mahali.

Nimekaa mchana mzima kwenye saluni moja Sinza nikitazama kazi hii inavyofanyika. Mwenye saluni, dada wa rika langu, alikubali kwa sharti nisimtaje na nisiongee ovyo wakati ameshika vibano. Mteja analala chali na macho yamefumbwa. Kope za chini zinafunikwa kwa karatasi laini zisigandane na za juu. Kibano cha mkono wa kushoto kinatenga ukope mmoja peke yake. Cha kulia kinachukua uzi, kinauchovya kwenye tone la gundi, kinaulaza juu ya ule ukope. Usiguse ngozi. Acha nafasi ya kama milimita moja au pungufu. Jicho moja lina kope za juu kati ya 90 na 150 hivi, na macho ni mawili. Yule mteja alilala saa mbili na nusu, akakoroma kidogo.

"Kaka, watu wanadhani kazi ni kubandika," aliniambia. "Kazi ni kutenganisha."

Alinieleza kwa nini. Kila ukope una umri wake: mmoja unaota, wa pili umekomaa, wa tatu uko karibu kudondoka. Ukibandika viwili pamoja, ule unaoota unamvuta mwenzake, mteja anasikia maumivu na mwisho kope zake halisi zinang'oka na mzizi. Ndiyo sababu mteja anatakiwa kurudi kila wiki mbili au tatu kuzibiwa mapengo. Na ndiyo sababu pia anawakatalia wanaotaka kope ndefu mno. Kumbe sayansi iko upande wake: mwaka 2015 watafiti wa Georgia Tech walipima kope za wanyama 22 na kukuta urefu unaofaa kulinda jicho ni kama theluthi ya upana wake. Zikizidi hapo zinaelekeza upepo na vumbi ndani ya jicho. Alicheka nilipomwambia, akasema nimpe hiyo karatasi aibandike ukutani.

Yeye alijifunza kwa siku nne. Siku mbili kwenye kichwa cha plastiki, siku mbili kwa watu, halafu cheti chenye maua pembeni. Mengine kajifunza kwa video za Warusi asioelewa lugha yao. Katika zile siku nne, maumbile ya jicho yalichukua muda gani? Akafikiri. "Alituchorea."

Linganisha. Mwaka 2008 wizara ya afya ya Japani, baada ya malalamiko ya macho kuumia, ilitangaza kwamba kubandika kope ni kazi ya urembo chini ya sheria yao ya mwaka 1957, kwa hiyo anayeifanya lazima awe na leseni: shule miaka miwili na mtihani wa taifa. Kichekesho ni kwamba shule hizo msingi wake ni nywele, hivyo anayetaka kope anajifunza kwanza mkasi. Texas walipita njia nyingine. Mwaka 2011 walipitisha leseni ya kope peke yake, yenye saa 320 za mafunzo, zikiwemo za kutambua magonjwa ya macho na mzio wa gundi. Mimi naona Texas walipatia. Huwezi kumwambia dada wa Sinza asome miaka miwili kukata nywele ambazo hatazikata, lakini kati ya siku nne na saa 320 kuna vitu vingi vya kufundishwa.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa TBS, kwa hiyo chupa ya gundi ina mtu wa kuulizwa. Agizo la Spika nalo lilimtazama mbunge mwenye kope. Siku nne za yule dada ziko katikati ya hayo mawili.

Nilipokuwa naaga alinionyesha daftari. Tangu mteja mmoja avimbe macho mwaka jana, ameanzisha utaratibu wake: mteja mpya anabandikwa nyuzi mbili tatu tu, anaenda nyumbani, anarudi kesho yake akiwa hajawashwa. Kurasa zina majina na tarehe, na mstari mwekundu kwa kila asiyerudi. Mistari ni mingi. Anajua walikokwenda, saluni ya pili ukivuka barabara, ambako unabandikwa siku hiyo hiyo.