Breki ya mbele haishiki baada ya kubadilisha tairi? Kagua haya kabla ya kuteremka

Wasikilizaji wetu wa bodaboda hutuuliza mara kwa mara: tairi la mbele limebadilishwa, limejazwa upepo vizuri, lakini breki haishiki, au inashika bila kuachia. Tatizo ni nini? Mara nyingi tairi halina kosa. Kosa liko kwenye namna gurudumu lilivyorudishwa.

Huku kwetu jambo hili si dogo. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Moshi mjini ni karibu mita 800. Anayeteremka na abiria au mikungu ya ndizi hapati nafasi ya kusahihisha kosa akiwa njiani.

Breki ya dramu

Bodaboda nyingi zina breki ya dramu inayovutwa kwa waya. Kwanza angalia sahani inayofunika dramu. Ina mfereji unaotakiwa kukaa kwenye jino lililo kwenye mguu wa shokapu. Usipokaa, ukibana breki sahani huzunguka pamoja na gurudumu, waya hukatika, na gurudumu linaweza kuganda ghafla. Dereva na abiria huanguka hapo hapo. Hili likaguliwe kabla ya yote.

Kisha rudisha waya, legeza kidogo nati ya ekseli, zungusha gurudumu, bana breki, na ukaze nati huku breki imebanwa. Viatu vya breki vitakaa katikati. Mwisho, rekebisha nati ya waya hadi ncha ya mkono wa breki isogee sentimita 1 hadi 2 kabla ya kuanza kushika.

Kama bado breki inateleza, huenda grisi imegusa viatu. Vilivyolowa grisi vibadilishwe.

Breki ya diski

Gurudumu likiwa nje, usibane mkono wa breki. Ukibana, pedi husogeleana na diski haiingii tena. Zitenganishe taratibu kwa kipande cha mti bapa, kisicho na mafuta.

Ukisharudisha gurudumu, bana na kuachia mkono wa breki mara kadhaa hadi uwe mgumu. Usiondoke kabla ya hapo, kwa sababu mara ya kwanza mkono unaweza kwenda hadi kwenye usukani bila breki kushika. Ukibaki laini, kuna upepo kwenye mfumo wa mafuta ya breki. Mpelekee fundi autoe.

Gurudumu likizunguka kwa shida, kagua kama bushi za ekseli zimerudishwa kila moja upande wake.

Jaribu kwanza

Inua gurudumu la mbele, ulizungushe kwa mkono. Lizunguke huru, na ukibana lisimame. Kisha sukuma pikipiki kwa miguu na ubane breki. Baada ya hapo endesha polepole mahali tambarare, bila abiria. Simama na usogeze mkono karibu na dramu au diski bila kuigusa: ikiwa na joto kali, breki haiachii.

Jaribio lolote likishindwa, usiseme utarekebisha ukifika Himo. Isukume hadi kwa fundi aliye karibu. Nauli ya safari moja haizidi uhai wa abiria wako.