Si Walikutoa Hiyo Kitu? Historia ya Watu wa Bila Utumbo Mpana

Kila shughuli ya familia kuna mjomba mmoja ambaye lazima aniulize, "Lakini si walikutoa hiyo kitu? Mbona bado unakimbia choo?" Ananiuliza akiwa na sahani ya pilau mkononi, mbele ya watu. Mimi hucheka. Nikifika nyumbani sicheki.

Wasee, kwa ufupi: nikiwa na miaka 19 nilitolewa utumbo mpana wote, kwa sababu ulikuwa umejaa vidonda na dawa zilishindwa kuvituliza. Nikakaa na mfuko tumboni miezi 11. Baadaye wakachukua sehemu ya utumbo mwembamba wakanitengenezea kifuko cha ndani, ndio nirudi kukaa chooni kama watu wengine. Vidonda viliisha kweli. Lakini naenda choo mara saba kwa siku, siku mbaya hata kumi na mbili, na usiku lazima niamke. Mwaka wa pili chuoni, msimamizi wa mtihani aliniambia nikitoka nje mara nyingine nisirudi. Nilitoka. Sikurudi, hata chuoni kwenyewe.

Nikiwa nyumbani nilianza kusoma kuhusu watu walionitangulia. Nikagundua swali la mjomba ni la zamani sana, na hata madaktari walikuwa nalo.

Iko hivi. Kila siku kama lita moja na nusu ya majimaji inatoka utumbo mwembamba na kuingia utumbo mpana. Huo mpana unafyonza maji na chumvi, unabakisha kidogo tu. Ukiutoa, nani atafanya hiyo kazi? Hakuna. Na hayo majimaji yana juisi za kusaga chakula, kwa hivyo yakigusa ngozi yanaiunguza.

Mapema karne ya 20 madaktari walijua kutoa mwisho wa utumbo mwembamba nje kupitia tumbo. Shida ilikuwa baadaye. Utumbo uliachwa umechomoza tu, ukae hapo mpaka upone wenyewe. Ile nyama ya nje ikawa inachomwa na majimaji, inavimba, njia inafinyika, na mtu anapoteza maji kwa malita. Wengine walipita theatre salama, halafu wakauawa na hayo ya baadaye.

Mtu wa kwanza aliyenifanya nikae wima kwa kiti ni Koenig. Huyu alikuwa mwanafunzi wa kemia kule Chicago, mgonjwa wa daktari Alfred Strauss, na utumbo wake mpana ulitolewa kama wangu. Hakungoja mtu amletee suluhisho. Alijibunia mfuko wa mpira wa kugundishwa kwenye ngozi, na kufikia miaka ya 1940 Strauss alikuwa akiwapa wagonjwa wengine. Mwanafunzi, manze! Mimi nilikuwa nalia hosteli, yeye alikuwa anapima gundi.

Halafu 1952, Bryan Brooke, daktari wa Birmingham, Uingereza, akaandika kitu ambacho ukikisoma unashangaa kwa nini hakuna aliyekifikiria mapema. Chukua mwisho wa utumbo, ukunje nje kama unavyokunja mkono wa shati, ushone ukingo wake kwa ngozi palepale theatre. Basi. Ile nyama nyororo ya ndani, ambayo imezoea majimaji, ndiyo inabaki nje. Maelezo yake ni mafupi mno, kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Na bado madaktari wanashona hivyo mpaka leo. Changu kilishonwa hivyo.

Lakini chuma kizuri hakikuziba mfuko unaovuja. Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu, kwa sababu watu waliosukuma mambo wengi hawakuwa wapasuaji. Denmark kulikuwa na nesi anaitwa Elise Sørensen. Dada yake alikuwa na stoma na aliogopa kutoka nje ya nyumba, asije akavuja mbele za watu. Elise mwaka 1954 akabuni mfuko mwepesi wa plastiki wenye gundi, unavaa, unatupa. Mwenye kiwanda cha plastiki aliyeendewa, Aage Louis-Hansen, hakushawishika mwanzoni. Mkewe, ambaye pia alikuwa nesi, ndiye aliyeona maana yake. Kampuni yao, Coloplast, ilianza 1957.

Na Cleveland, Marekani, daktari Rupert Turnbull aligundua kwamba unga wa utomvu wa mti wa India, uliokuwa ukitumika kushikilia meno bandia, unaweza kukinga ngozi karibu na stoma. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Norma Gill, mama mwenye watoto. Hakuwa nesi wala daktari. Baada ya kupasuliwa alianza kuwaonyesha wagonjwa wengine jinsi ya kuishi na kile kitu. 1958 Turnbull akamwajiri kwa hiyo kazi, na 1961 wakaanza kufundisha wengine. Kazi nzima ya uuguzi wa stoma duniani ina mizizi kwa mama mmoja aliyesema, ngoja nikuonyeshe.

Mimi hakuna aliyenionyesha. Mifuko ilipoisha, na ni ghali, mathe na mimi tulikuwa tunatumia karatasi ya mkate na plasta. Hapa Kenya mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo mkate ukinunuliwa kwetu hiyo karatasi ilikuwa mali. Tuliiosha, tukaikunja, tukaiweka kabatini.

Kifuko cha ndani nacho ni cha 1978, cha Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London. Kile cha kwanza kilikuwa na umbo la S, na wengi ilibidi waingize mpira ndio kitoke kitu. 1980 Joji Utsunomiya wa Japani akaja na umbo la J, rahisi zaidi. Hicho ndicho nilicho nacho. Wakaona wamemaliza kazi. Hawakuwa wamemaliza: karibu nusu ya watu wenye kifuko waliokuwa na vidonda kama vyangu, siku moja kinavimba, unaharisha upya, unaumwa, kama vile ugonjwa umekumbuka nyumbani. Dawa inayotumika sana ni metronidazole, ndiyo hiyo Flagyl unayoijua. Nimeimeza mara nne mwaka huu.

Kitu kilichonisaidia zaidi siku mbaya hakikutoka hata kwa watu wa utumbo. Kilitoka kwa kipindupindu. 1971, wakimbizi wa Bangladesh wakiwa kambini Bangaon, India, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, chumvi na sukari kwa kipimo, watu wakanywa. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sukari inavuta chumvi ipite ukuta wa utumbo mwembamba, na chumvi inavuta maji. Mimi nilikuwa nikiharisha nabugia maji matupu, lita kwa lita, na bado nazimia. Kumbe maji matupu mengi yanaweza kukumwaga zaidi kama huna utumbo mpana. ORS, ile pakiti wanapewa watoto kliniki, ndiyo ilinisimamisha. (Muulize daktari wako kipimo, usiniige mimi.)

Jumamosi kuna ruracio Murang'a. Nimeshapiga simu kuuliza choo kiko upande gani, na nimeweka pakiti tatu kwa begi. Kwa matatu nitakaa karibu na mlango. Pilau nitakula kidogo, jioni sitagusa. Mjomba naye nimemtumia hii tayari, amesoma, hajajibu.